Strong siyo nguvu tu: majibu ya barua zenu

Wapenzi wasomaji, sijui mlikaa kikao wapi, maana barua za safari hii nyingi zinazunguka neno moja tu la Kiingereza, strong. Nikasema basi leo tulimalize, yale maswali ya alama za vituo na herufi kubwa yatasubiri toleo lijalo, msinune. Barua nyingine nimezifupisha, kuna mtu kaandika kurasa nne kabla hajafika kwenye swali lenyewe.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi Kiingereza nimejifunza ukubwani na naongea bila aibu. Juzi kazini mwenzetu kabeba meza nzito peke yake, nikamsifia, "he has strong". Kijana mmoja hapo akacheka sana, eti hicho siyo Kiingereza. Nikamwambia haya nieleze kosa, akashindwa. Mimi naona ana ni has, nguvu ni strong, sasa kosa lipi hapo?
Nimeanza Ukubwani

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na huyo kijana mwambie mwalimu kasema acheke taratibu, kucheka bila kueleza kila mtu anaweza. Ana kuwa has uko sawa kabisa, hesabu yako haina tatizo. Kilichokuponza ni hilo neno nguvu. Kwetu nguvu ni nomino, ni kitu mtu anacho, kama ana pesa au ana homa, ndiyo maana tunasema ana nguvu na hatusemi yeye ni nguvu. Sasa strong siyo nomino, ni kivumishi, kundi moja na -refu na -zuri, kwa hiyo haitaki has, inataka is: "he is strong". Ukiwa na hamu na has basi mpe nomino yake, "he has strength", nayo ni Kiingereza safi ingawa inasikika kidogo kama hotuba.

Na usione ni wewe peke yako, mtego huu uko kila mahali ambapo Kiswahili kinatumia ana na Kiingereza kinatumia kivumishi. Ana njaa, "he is hungry". Ana hasira, "he is angry". Ana usingizi, "he is sleepy". Ukishauona mara moja unaanza kuuona kote.

Halafu hapo kwenye strength kuna kautamu kadogo, ile o imegeuka e. Siyo ajali, long nayo inazaa length hivyo hivyo. Na ukiweka wingi, strengths, unapata herufi 9 zenye irabu moja tu katikati, mdomo wa Mswahili ukifika hapo unaomba msaada, sisi tumezoea irabu kila baada ya hatua moja.

SWALI: Mwalimu, kamusi yangu inasema strong ni -enye nguvu, basi. Nikaandika "strong rain", nikakatwa. Nikaandika "strong computer", nikakatwa. Nikaandika "my father is strong" nikimaanisha baba ni mkali, nikaambiwa sentensi ni nzima ila haisemi hivyo. Kineno kimoja kinanitesa hivi kwa nini?
Mfasiri Chipukizi

JIBU: Kamusi haijakudanganya, imekwambia robo ya habari halafu ikaenda zake. Hebu tulichambue polepole maana barua yako ndiyo mama wa barua zote za leo.

Kwanza lisahau nguvu kidogo, jaribu kuweka -kali. Upepo mkali ni strong wind. Harufu kali, strong smell. Dawa kali, strong medicine. Kahawa kali, strong coffee. Unaona inavyoteleza? Hapo mtu anaanza kushangilia kwamba ufunguo umepatikana, na hapo hapo ndipo anaanguka, kwa sababu kisu kikali ni sharp, mbwa mkali ni fierce, maumivu makali ni severe, mvua kali ni heavy, na baba mkali ni strict. Ukiandika strong father msomaji ataona mzee mwenye misuli anainua vyuma, hataona yule anayekuuliza ulikuwa wapi mpaka saa hizi.

Ila nikupe pole yenye faida. Kijerumani ni ndugu wa karibu wa Kiingereza na kina neno streng, limetoka kwenye shina moja na hii strong yetu, na maana yake ni mkali, ukali ule ule wa baba yako. Yani hiyo sentensi ungeiandika kwa Kijerumani ungepata maksi. Hata Kiingereza cha zamani, walipokuwa wanaandika strang, neno lilibeba na ule ukali wa kutisha, baadaye likauacha njiani.

Upande wa pili strong nayo inavuka mpaka wa -kali na kuingia kwenye maneno yetu mengine ambayo hatuyafikirii kabisa. Hoja nzito ni strong argument, ushahidi mzito ni strong evidence, lafudhi nzito ni strong accent, kwa hiyo -zito imo. Kamba imara na sarafu imara nazo ni strong, kwa hiyo imara imo. Uwezekano mkubwa ni strong possibility, hapo tumebaki na -kubwa tu ya kawaida. Mtu asiyechefukwa ovyo hata akiona kidonda kibichi anaambiwa ana strong stomach, tumbo halina nguvu yoyote ya ajabu ila halimwangushi. Kwa hiyo ukiulizwa strong ni nini kwa Kiswahili jibu la kweli ni kuuliza tena, strong nini? Neno linalofuata ndilo linaloamua.

Sasa ile "strong computer". Hapa watu wazima wamekaa na kuandika. Mwaka 1966 mwanaisimu mmoja Mwingereza, M.A.K. Halliday, alitoa mfano ambao mpaka leo walimu wa lugha wanautumia: Waingereza wanasema strong tea, hawasemi powerful tea, wanasema powerful car, hawasemi strong car, wakati strong na powerful kwenye kamusi ni kama mapacha, na kwenye argument yanaingia yote mawili bila ugomvi. Maana yake maneno yana marafiki wa kutembea nao na huwezi kuwapangia.

Mimi huwa najisaidia na kanuni yangu ya mkononi, siyo sheria usije ukaninukuu kwenye mtihani: powerful ni kile kinachotoa nguvu kwenda nje kufanya kazi au kusukuma wengine, ndiyo maana injini, kompyuta, mlipuko na mtu mwenye cheo wote ni powerful. Strong ni kile chenye nguvu ndani yake, kinachobeba na kustahimili, kamba, daraja, mgongo, ukuta. Ndiyo maana strong man na powerful man ni watu wawili tofauti kabisa, wa kwanza anabeba gunia na wa pili ana mtu wa kumbebea. Na ukiyaunganisha yakawa neno moja, strongman, kwenye habari za siasa linakuwa mtawala wa mabavu, angalia hapo usije ukamsifia mtu ukamtukana.

Ushauri wangu ni huu, kwenye daftari lako usiandike neno peke yake, andika na rafiki yake. Usiandike heavy, andika heavy rain. Ukija kulitafuta utalikuta na mwenzake wameshikana mikono tayari.

SWALI: Mimi ni baba wa watoto wawili. Niliona filamu imeandikwa mwanzoni "contains strong language", nikafurahi, nikajua hapa Kiingereza ni kigumu kilichoshiba, watoto watapata misamiati. Nikawaita wakae karibu. Mwalimu, kilichofuata sitasahau.
Baba Aliyezima Tivii Mbio

JIBU: Baba, misamiati waliipata. Nimesoma barua yako nikacheka mpaka nikaiweka chini, samahani sana. "Strong language" ni matusi, basi, lugha chafu iliyovalishwa jina la heshima. Kule Uingereza bodi inayopanga filamu kwa umri, BBFC, wameweka hata ngazi zake, kuna lugha mild, kuna moderate, kuna strong na juu kabisa very strong, kwa hiyo uliyoikuta wewe wala haikuwa kileleni. Ila usichanganye na "strong words", hayo yanaweza kuwa maneno makali yasiyo na tusi hata moja, kama barua ya kulalamika iliyopigwa pasi vizuri lakini inachoma.

SWALI: Natafsiri habari. Nimekutana na "a 300-strong crowd" nikaandika umati wenye nguvu 300. Mhariri kanirudishia na alama ya kuuliza kubwa kama sahani.
Mwandishi Mchanga

JIBU: Umati wa watu 300. Kwisha. Hapo strong haina nguvu, haina ukali, ni kuhesabu tu, idadi inatangulia kisha kistari kisha strong. Ikikaa mwishoni kistari kinaondoka, "the crowd was 300 strong". Hata umati wenyewe uwe wa wagonjwa watupu hawawezi kusimama bado ni 300-strong. Na itumie kwa vikundi vya watu, jeshi, timu, msafara, usije ukaniandikia viazi 40 strong.

SWALI: Mimi na kaka tunabishana. Yeye anasoma kemia, anasema asidi kuwa strong siyo sawa na kuwa concentrated. Mimi nasema ni maneno mawili ya kitu kimoja, kali ni kali. Tukaamua wewe ndiye refa.
Mdogo Mtu

JIBU: Kaka yako kashinda mdogo wangu, na kashinda vizuri. Mkemia akisema strong acid hazungumzii imewekwa nyingi kiasi gani kwenye maji, anazungumzia tabia ya hiyo asidi ikishaingia kwenye maji: molekuli zake zinagawanyika karibu zote na kuachia ioni, yani chembe zenye chaji ya umeme, asidi ya haidrokloriki ndiyo mfano wa kila kitabu. Asidi iliyomo kwenye siki ni weak maana ukiweka moli 0.1 (moli ni kipimo cha wakemia cha kuhesabia molekuli) kwenye lita moja ya myeyusho, katika kila molekuli 100 inagawanyika moja tu hivi, 99 zinabaki zimekaa. Ukipima pH, kile kipimo cha uasidi ambacho namba ikiwa ndogo ndiyo uasidi umezidi, ya haidrokloriki ya kiasi hicho hicho inasoma 1 na ya siki inasoma karibu 2.9. Concentrated ni habari ya wingi, imewekwa asidi nyingi na maji kidogo. Kwa hiyo unaweza kuwa na asidi ambayo ni strong lakini imezimuliwa kwa maji mengi mpaka ukiigusa haikuunguzi, na unaweza kuwa na asidi ambayo ni weak lakini imekolea kiasi kwamba inakuunguza ngozi, kwa hiyo neno weak kwenye chupa lisikupe ujasiri.

Lakini nikutoe kimasomaso kidogo mbele ya kaka. Kiswahili kina neno zuri hapa, kukolea. Chai tunasema imekolea, rangi imekolea. Na ukifikiri hiyo strong tea ya Waingereza kwa kipimo cha kemia siyo strong hata kidogo, imekolea tu, wao mtaani wanatumia neno la tabia kwenye jambo la wingi wakati sisi tulishatenganisha zamani. Mwambie hivyo halafu ondoka haraka.

SWALI: Kwa nini nikisema "stronger" watu wananielewa ila nikisema "strong" mwalimu wangu wa matamshi ananikunjia uso?
Ulimi Mzito

JIBU: Kwa sababu pengine unasema "stronge" au "strongu", unaifunga na g na kairabu ka kusindikiza. Na hili kwa Mswahili ni rahisi kuliko kwa watu wengi duniani, sisi tuna sauti zote mbili na tunaziandika tofauti. Strong inaishia na ng' ya ng'ombe, hakuna g inayosikika, jaribu kuivuta, strong'ng'ng', kama unaguna na mdomo wazi, kisha kata hapo hapo bila kuachia kitu. Lakini ukiongeza -er au -est g inazaliwa, stronger inakuwa na ng ya ngoma. Ndivyo zilivyo longer na younger.

Sasa usije ukaibeba kanuni hii kila mahali. Singer, mwimbaji, inabaki na ng' ya ng'ombe, na strongly pia. Ila finger, kidole, ni ngoma. Najua, najua, hata mimi sikuitunga.

SWALI: Kinyume cha strong ni weak. Kweli au si kweli? Ni swali la mtihani.
Nina Haraka

JIBU: Kwenye mtihani andika kweli upate maksi yako. Ukitoka nje ya chumba cha mtihani ujue kwamba ni mkono, hoja, dawa na chai ndivyo vinageuka weak. Upepo ukipoa ni light wind, siyo weak wind. Harufu ikipungua ni faint smell. Lafudhi ikiwa kidogo ni slight accent. Lugha ikipoa, baba wa pale juu asikie, ni mild. Ni yale yale niliyomwambia Mfasiri, kila neno lina marafiki wake, na kumbe lina maadui wake pia.

SWALI: Nikiandika "I strong recommend" simu inanipigia mstari mwekundu. Simu inajua nini?
Simu Mjuaji

JIBU: Leo inajua. Hapo unaeleza kitenzi kwa hiyo unataka kielezi, "I strongly recommend". Strongly inapenda vitenzi vya kichwani na mdomoni, believe, agree, disagree, suspect, advise, object. Haipendi kubeba mizigo, mtu akiinua jiwe hatusemi ameliinua strongly. Kuna sehemu chache tu ambapo strong inafanya kazi ya kielezi bila -ly, kama "still going strong", kitu cha miaka mingi na bado kinadunda, hapo ukiweka -ly umeharibu.

SWALI: Rafiki yangu amefiwa, hasemi Kiswahili. Nikamtumia "be strong". Hakujibu. Nimekosea?
Nina Wasiwasi

JIBU: Hujakosea kisarufi dada yangu na nia yako inaonekana. Ila sisi tukisema jikaze tunakuwa tumeshasema pole kwanza, pole ndiyo inayobeba huruma na jikaze inafuata nyuma yake. Wewe umetuma jikaze peke yake, na kwa Kiingereza "be strong" ikisimama bila kitu inaweza kusikika kama amri, kama unamwambia aache kulia. Tuma tena leo, anza na "I'm so sorry for your loss", halafu mwambie upo. Na kutojibu kwa mfiwa usikuhesabu kama ugomvi, watu wakiwa msibani simu ni kitu cha mwisho.

SWALI: Eti kuna "strong verbs". Vitenzi vina misuli?
Mdadisi

JIBU: Vina misuli ndiyo, na jina alilipa Jacob Grimm, yule yule mkubwa wa wale ndugu wawili Wajerumani waliokusanya hadithi za watoto, mwaka 1819 akichambua Kijerumani. Kitenzi kama sing kikienda wakati uliopita kinajibadilisha chenyewe kutoka ndani, sing, sang, sung, hakihitaji mkia. Kitenzi kama walk hakijiwezi, lazima kiongezewe -ed, huyo ndiye weak. Ni mzaha wa wanasarufi lakini unasaidia kukumbuka.

SWALI: Nimealikwa usaili wa kazi. Nimesikia huwa wanauliza "what is your strong suit?" Nijibuje?
Suti Sina

JIBU: Nimeiweka yako mwisho kwa makusudi, kwa sababu jina ulilojipa limenirudisha mbali. Hiyo suit siyo ya kuvaa. Imetoka kwenye karata, suit ni lile kundi, kopa, shupaza na wenzake, na strong suit ni kundi ambalo mkononi mwako una karata nzuri, kwa hiyo wanakuuliza unajiweza zaidi kwenye nini. Jibu kitu kimoja cha kazi na mfano wake mmoja, kwamba wewe ni mtu wa kufuatilia mahesabu na siku fulani uliona kosa ambalo wengine walilipita. Kama huna uwezo na jambo fulani unaweza hata kuligeuza kwa adabu, "it's not my strong suit", hawatakuchukia.

Mimi sikupata mtu wa kunieleza. Nilikuwa kijana, kwenye meza kuna watu watatu, yule wa katikati akaniuliza hivyo hivyo ulivyoandika, nikajitazama kifuani, koti lenyewe la kuazima na mikono imenizidi, nikawaza labda wanataka kujua kama ninayo imara zaidi ya hii. Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "the black one, sir, it is at home".